LS430, E320 au 530i zilizopita kilomita 250,000: ipi inavumilika?

Msukani
Wakuu, nalinganisha gari tatu, zote zimevuka kilomita 250,000: Lexus LS430 ya 2005, Mercedes E320 (toleo la W211) ya 2004 na BMW 530i (toleo la E60) ya 2006 yenye injini ya N52. Bodi na viti niachieni mwenyewe. Ninachotaka ni kazi kubwa inayosubiri kwenye kila moja, ili nijue nadai punguzo la nini.

Beringi
LS430 kwanza. Injini yake ya 3UZ-FE inatumia mkanda wa taimingi (unaolinganisha mwendo wa vali na pistoni), si cheni, na hubadilishwa kila kilomita 144,000 hivi. Kwa hiyo ulipaswa kuwa umeshabadilishwa mara moja, na zamu ya pili ni kwenye 288,000, yaani karibu tu. Ukikatika, pistoni zinagonga vali. Neno la muuzaji halitoshi. Taka risiti inayotaja mkanda, tenshena (kikaza mkanda) ya haidroliki, roli 2 na pampu ya maji. Pampu inazungushwa na mkanda huohuo, kwa hiyo aliyeiruka kuokoa hela atafungua mbele yote tena siku itakapoanza kuvuja.

Kingine ni boljointi za chini za mbele na bushi za mikono ya suspensheni. Piga jeki, shika tairi juu na chini, tikisa. Stata nayo imefichwa chini ya manifoldi ya hewa, katikati ya V. Kuibadilisha ni kazi ya siku, na gasketi za manifoldi ziwe mpya.

Spana10
Kwenye Benz, injini ya M112 usiiogope. Ina cheni, inajazwa oili lita 8, na ina plagi 12 (2 kwa kila silinda), kwa hiyo usishtuke ukiletewa hesabu yake. Inapenda kuvuja oili kwenye vifuniko vya matundu ya kupumulia juu ya kava za vali. Ni gundi na usafi tu. Angalia pia puli ya krenkshafti. Mpira wake ukiachia, puli inayumba na inaweza kukwangua kava ya mbele.

Kinachoumiza ni breki. W211 za kabla ya mabadiliko ya 2006 zina SBC, mfumo wa breki za umeme ambao pedali inatuma ishara na pampu ya umeme ndiyo inayosukuma mafuta ya breki. Ndani yake kuna kihesabio cha mikanyago. Kikifika mwisho, dashibodi inatoa onyo hata kama pampu bado nzima. Ikifa kweli, unabaki na breki za mbele peke yake na pedali inakwenda chini sana. Halafu fundi asiguse pedi kabla ya kuizima SBC kwa mashine ya kupimia gari: mlango ukifunguliwa tu mfumo unaamka, na kalipa zinaweza kumbana vidole.

Grisi_Nyekundu
Basi si achukue W211 ya 2007 akwepe SBC?

Spana10
Hapo anakwepa SBC anakutana na injini ya M272, mkuu. Injini hizo za mwanzo zina gia ya shafti ya mizani (ya kupunguza mtetemo) inayolika meno. Taimingi inachelewa, na mashine ya kupimia inaonyesha kodi za hitilafu 1200 na 1208. Dawa yake ni kushusha injini. Soma namba ya injini: ikiwa na 30 kisha tarakimu zisizozidi 468993, iko kwenye kundi hilo. Za baada ya hapo zina gia iliyoboreshwa. Kwangu mimi, W211 ya kununua ni M112 yenye pampu ya SBC iliyobadilishwa kwa ushahidi, au M272 ya namba za juu. Katikati ya hizo mbili ni kamari.

Kulanti
530i: pampu ya maji ni ya umeme na haiagi. Leo inafanya kazi, kesho taa nyekundu ya joto inawaka katikati ya foleni. Kwa kilomita hizo, kama haijawahi kubadilishwa, ibadilishe pamoja na thamostati bila kusubiri, na bolti zake za alumini ziwe mpya, maana hazirudiwi. Kutoa hewa: washa swichi bila kuwasha injini, hita iwe kwenye joto la juu kabisa na feni kasi ya chini, kanyaga mafuta hadi chini kwa sekunde 10, achia. Pampu itazunguka yenyewe dakika 12 hivi. Betri ifungwe kwenye chaja wakati huo.

Mulika pia gasketi ya nyumba ya filta ya oili. Ikivuja, oili inadondokea fen belti, belti inachanika, na nyuzi zake zinaweza kuvutwa ndani kupitia sili ya mbele ya krenkshafti. Gasketi ndogo, lakini hiyo ndiyo inayoua N52.

Grisi_Nyekundu
Na oili ya gia boksi? Wengine wanasema kama haijaguswa tangu kiwandani, iache hivyohivyo.

Beringi
Hiyo imani imezeesha gia boksi nyingi. Oili chafu haishikilii klachi. Kama tayari inateleza, imeshakwisha, na kubadilisha hakutaiokoa. Kama inabadilisha gia vizuri, shusha sampo (bakuli la oili la chini), weka filta mpya, usiisukume oili kwa mashine ya presha. Kagua sumaku ya ndani ya sampo: tope laini la kijivu ni kawaida, vipande vya chuma si kawaida.

530i ina gia boksi ya ZF ya gia 6. Sampo yake ya plastiki ina filta ndani, unanunua nzima, na kiwango kinapimwa injini ikiunguruma, oili ikiwa nyuzi 30 hadi 50. E320 ina gia 5. Chomoa plagi ya waya ya pini 13 kwenye gia boksi uangalie kama ina oili, kwa sababu oringi zikichoka, oili hupanda ndani ya waya hadi kwenye kompyuta ya gia boksi.

Msukani
Na suspensheni ya hewa, kwa LS430 na E320 zilizo nayo?

Kulanti
Pima kwa rula kutoka katikati ya ringi hadi ukingo wa fenda, pembe zote 4, jioni na asubuhi kabla ya kuwasha. Iliyoshuka ina tundu. Nyunyiza maji ya sabuni kwenye puto la suspensheni na kwenye maungio ya mipira ya kupitisha hewa. Kompresa mara nyingi hufa kwa kujaza kinachovuja, kwa hiyo ziba uvujaji kwanza, na ukiweka kompresa mpya weka na relei mpya. Ukipata LS430 ya springi za chuma yenye risiti ya mkanda, chukua hiyo.