Naomba ushauri: ukurasa kwenye Chrome uko sawa, kwenye iPhone unavurugika

Asalaam alaykum ndugu zangu. Natengeneza tovuti ya geshti moja ya huku Paje, kwenye laptop kwa Chrome na Firefox iko safi kabisa, sasa mwenye geshti kaifungua kwenye iPhone 6 yake, picha za vyumba zimegandana hazina mwanya hata chembe na kitufe cha kubuku kimezama chini ya upau wa Safari, hakibonyezeki. Nikamwambia jaribu Chrome humo humo, mambo yale yale, maana kwenye iPhone hiyo Chrome nayo inatumia injini ya Safari.

La picha nshalijua, nimetumia gap (amri ya kuweka mwanya) ndani ya flex (mpangilio wa kupanga vitu kwa safu) na Safari haikuikubali mpaka toleo 14.1 la 2021, simu ile imekwamia mfumo wa iOS 12 na Safari yake ya zamani, ntaweka margin (nafasi ya pembeni ya kila picha) tu yaishe. Linonisumbua ni kitufe, nimeweka 100vh, yaani ukurasa uwe na urefu wa kioo kizima, na Safari inahesabu hata sehemu iliyofunikwa na upau wake; dvh, kipimo kinachofuata sehemu inayoonekana tu, najua ipo lakini inataka Safari 15.4, kwa simu kongwe kama ile haisaidii kitu.

Mwenye njia nyengine anambie, bila ya JavaScript ikiwezekana. Na nyinyi msokuwa na iPhone munajaribia wapi kazi zenu? Kuazima simu ya mteja kila saa naona haya bwana.