Tumbo la hedhi na dawa za Kichina: kuna aliyetumia?

BintiTanga_GZ:
Dada zangu, shikamooni wakubwa. Nasoma Guangzhou. Tangu nivunje ungo tumbo la mwezini linanitesa, siku ya kwanza natapika kabisa. Mwenzangu wa bwenini kanipeleka kwa daktari wa tiba za kwao. Kanishika mapigo mikono yote miwili, akaniambia nitoe ulimi, halafu maswali: damu nyeusi? Ina mabonge? Ukijikanda kwa moto unapata nafuu? Nikasema ndiyo. Basi, eti nina baridi kwenye mfuko wa uzazi. Kanifungia danggui, mizizi ya dawa ya kwao, na mdalasini nikachemshe. Ninywe?

ShogaMwema:
Mie chai ya tangawizi na chupa ya maji moto tumboni vinanitosha.

Nesi_Mstaafu:
Marahaba mwanangu. Kwao maumivu maana yake kitu kimekwama, qi (nguvu ya uhai mwilini, kwa imani yao) au damu haipiti. Anayetulia kwa moto wanamwita mwenye baridi. Anayejaa matiti na kununa ovyo kabla ya siku zake, huyo qi yake imekwama, na dawa yake nyingine. Kwa hiyo usije ukagawa hiyo mizizi bwenini.

Sisi hospitali tunasema ni prostaglandini, kemikali za mwili wenyewe, ndizo zinazoukaza mfuko wa uzazi. Ibuprofeni inazipunguza, ila wasichana wengi wanaimeza wakiwa wameshaanza kugaagaa! Imeze mara tu dalili zinapoanza, na chakula. Mwenye vidonda vya tumbo aiache.

Danggui haipatani na warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, damu inaweza kutoka kupita kiasi. Kwa hiyo usiinywe mpaka daktari ajue kila dawa unayomeza. Akupancha, ile tiba ya kuchoma sindano, je? Tathmini ya 2016 ya Cochrane, watafiti wanaopitia tafiti za tiba, ilikuta ushahidi hautoshi. Lakini kubonyeza si gharama: pima vidole vinne juu ya kifundo cha ndani cha mguu, nyuma ya mfupa wa muundi, kandamiza kwa dole gumba. Wanapaita Sanyinjiao. Mjamzito asiguse.

Huko kutapika ndiko kunakonisumbua. Kamwone daktari wa kina mama, na umtajie endometriosisi, yaani tishu kama za ndani ya mfuko wa uzazi kuota nje yake, maana ultrasaundi safi haimaanishi huna.

BintiTanga_GZ:
Ahsante mama. Naona aibu kuuliza: sijaolewa wala sijamjua mwanamume, hiyo ultrasaundi wanapimia wapi?

Nesi_Mstaafu:
Juu ya tumbo. Waambie mapema hivyo hivyo ulivyoniambia, na unywe maji kibofu kijae.