Sindano ya kupunguza mwili: aliyeitumia, kichwa kilikuwaje?

MamaSaidi_Bombo
Jamani habari za jioni. Nina miaka 41, kilo 108, sukari imeanza kupanda na magoti usiseme, ngazi za kazini mpaka ghorofa ya tatu ni kama napanda Rwenzori. Daktari kanitajia semaglutide, ile sindano ya mara moja kwa wiki ambayo wengi wanaijua kwa jina la Ozempic. Sikatai. Ila mwaka juzi baada ya kumzika mama nilianguka kabisa kimawazo, nikameza dawa za depresheni karibu mwaka mzima, na nasikia sindano hii inawaletea watu mawazo ya kujiua. Nilipomuuliza daktari akacheka, ati hizo za TikTok. Mimi sikuona cha kucheka.

Nesi_wa_zamu
Dada pole, na swali lako si la TikTok. 2023 Iceland walitoa taarifa za watu waliopata mawazo ya kujidhuru wakiwa kwenye dawa hizi, wasimamizi wa dawa Ulaya wakachunguza, Aprili 2024 wakasema ushahidi uliopo hauonyeshi kuwa dawa ndiyo inasababisha. Hiyo ni habari njema. Lakini kuna hili watu hawalisemi: kwenye ule utafiti mkubwa wa 2021, ambao watu walipungua wastani wa karibu asilimia 15 ya uzito kwa wiki 68, aliyekuwa na depresheni kubwa ndani ya miaka 2 kabla hakuchukuliwa. Yaani mtu kama wewe hakuwepo mle ndani. Sikwambii usichome, nakwambia daktari aijue hiyo historia yote, uanze na dozi ndogo ya miligramu 0.25, na mtu mmoja nyumbani ajue ili akiona umebadilika aseme. Mawazo mabaya yakija usisubiri tarehe ya kliniki, nenda siku hiyohiyo. Na Butabika, ile hospitali ya magonjwa ya akili Kampala, si ya wanaookota makaratasi tu, watu wa ofisini wanaenda pia.

Kilo_zangu
Miezi 7 sasa, nimetoka 97 nipo 84. Sukari imeshuka, presha imeshuka, kila nikiongezewa dozi natapika siku mbili tatu halafu inaisha. Ile chapati iliyokuwa inaniita toka saa nne asubuhi ilinyamaza, banange sikuamini. Sasa ya kichwa. Ijumaa tulikuwa tunaenda Wandegeya na mashoga zangu kula kuku na gonja, siku hizi nakaa naangalia tu, wao wanakula nami nachezea soda, mwishowe nikaacha kwenda. Chakula ndicho kilikuwa kinanibembeleza, kilipoondoka nikabaki na yale yaliyokuwa yananifanya nile. Halafu nikaenda kijijini Masaka, senga, yaani shangazi, akanivuta nyuma ya jiko akaniuliza kwa sauti ya chini kama nimepima, na kama dawa nameza. Waliokuwepo miaka ya 80 wanakumbuka UKIMWI hapa tuliuita Slim, kwa vile watu walivyokonda. Nilicheka mbele yake, halafu kwenye teksi nikalia toka Lukaya mpaka Mpigi. Hiyo sijui ni dawa au ni Uganda.

Boda_wa_Ntinda
Kwani kutembea kumekatazwa? Acheni posho (ugali) ya usiku mpungue bure

Kilo_zangu
Ndugu yangu umekaa kwenye pikipiki kutwa nzima ndo unatuambia kutembea 😂
MamaSaidi, jambo jingine ni hela. Mwezi mmoja nilikosa, kilo 4 zikarudi na roho ikashuka kuliko mwanzo. Piga hesabu ya mwaka, usipige ya mwezi. Na wale wanaouza kutoka kwenye mkoba salon, hapana, hata WHO 2024 walitoa tahadhari kuwa feki zinazunguka.

MamaSaidi_Bombo
Asanteni sana. Hiyo ya miaka 2 nimeiandika kwenye karatasi, Jumanne narudi kwa daktari na dada yangu, tuone kama atacheka. Ila huku umeme ukikatika ni kutwa, sindano haiharibiki?

Nesi_wa_zamu
Ambayo hujaifungua ikae friji, isigande. Ukishaanza kuitumia inavumilia nje wiki kadhaa mradi joto lisipite digrii 30, usiiweke tu karibu na sigiri.