Naomba ushauri: wateja wanajaza kikapu, wakifika kwenye malipo wanapotea

Habari zenu wakuu. Nauza vitenge na mashuka mtandaoni, mzigo natoa Kariakoo. Watu wanachagua vizuri tu, ila ukurasa wa malipo unawataka wafungue akaunti na nywila kwanza, halafu nauli ya bodaboda inatokea mwishoni kabisa. Mtu wa Mbagala au Kigamboni akiiona hapo lazima ashtuke. Nataka kubakiza jina, namba ya simu na mtaa, na nauli ionekane mapema.

Kinachoniumiza kichwa ni hiki: wengi wananifuata WhatsApp wakitaka kulipa mzigo ukifika. Nawaelewa, watu wametapeliwa sana mtandaoni. Lakini mteja akizima simu boda akiwa njiani, nauli inanihusu mimi. Mliopitia hili, mnaomba kwanza nauli kwa M-Pesa, au mnafanyaje?