Mrejesho: chembe zangu za kaboni na zebaki

Wakuu, nimerudi. Nataka kutambua zebaki kwenye maji kwa chembe nano za kaboni, yaani vipande vidogo mno vinavyong'aa vikimulikwa na ambavyo mwanga wake hufifia vikikutana na zebaki. Niliuliza kwa nini zile nilizopika kwa asidi ya sitriki na yurea, kwa nyuzi 180 za Selisiasi, zinafifia kwa zebaki na kwa chuma vilevile. Mlinishauri nisafishe kwanza, kisha nidhibiti pH (kipimo cha uasidi).

Usafishaji ndio ulionifumbua macho. Niliacha mchanganyiko kwenye mfuko wa dialisisi, unaopitisha molekuli ndogo na kubakiza chembe kubwa, ukiwa ndani ya maji usiku kucha. Asubuhi nikamulika kwa taa ya urujuanimno ya nanomita 365: maji ya nje ya mfuko yaling'aa bluu kuliko yaliyobaki ndani! Kumbe mwanga mwingi ulitoka kwenye molekuli ndogo zinazozaliwa wakati wa kupika, si kwenye chembe zenyewe. Iliniuma sana, maana vipimo vyote vya mwanzo nimelazimika kuvifuta.

Kwa chembe zilizobaki, nafanyia kazi kwenye uasidi kidogo, kwa sababu kwenye pH 7 chuma huganda na kuzama kama kutu. Nikitia floridi kukifunga chuma, mwanga unarudi. Uliofifishwa na zebaki haurudi, kwa hiyo naweza kuzitofautisha. Hapo nikapata nguvu.

Ila bado safari ipo. Mwongozo wa WHO (Shirika la Afya Duniani) kwa zebaki isokaboni kwenye maji ya kunywa ni mikrogramu 6 kwa lita. Mimi naona tofauti kwa uhakika kwenye viwango vya miligramu kwa lita tu. Sasa najaribu kuongeza sisteini, asidi amino yenye salfa, kwani salfa hushikana mno na zebaki. Chombo kiko kwenye oveni ninapoandika. Asanteni sana.