Mwaka wa tatu wa udaktari: maandalizi ya upasuaji wa ubongo yaanzie wapi?

Mwanafunzi wa Upanga

Habari zenu wakubwa zangu. Niko mwaka wa tatu wa shahada ya udaktari hapa Dar es Salaam, na tangu tulipoanza kuingia wodini moyo wangu umeangukia upasuaji wa ubongo na uti wa mgongo. Mtoto wa kwanza niliyechukua historia yake alikuwa na miezi minne, mwenye kichwa kikubwa, aliyezaliwa na mgongo wazi. Mama yake alikuwa amesafiri naye kwa basi kutoka mkoani, naye aliniuliza mimi, niliyekuwa bado sijui kitu, kama mwanawe atatembea.

Ushauri mwingi ninaousoma mtandaoni unatoka Marekani, na unasisitiza kwamba mwanafunzi awe na makala za utafiti nyingi kabla ya kuhitimu, la sivyo amechelewa. Wazazi wangu ni walimu wa shule ya msingi, na mimi ninasoma kwa mkopo wa Bodi. Naomba mnielekeze: ni lipi la kufanya sasa, na ni lipi linaloweza kusubiri?

Mwanauzamili, upasuaji

Mdogo wangu, haraka unayoisoma ina sababu zake, ila ni sababu za kwao. Marekani mwanafunzi huomba nafasi ya ubingwa kabla hajahitimu, mfumo wa kitaifa huwaoanisha waombaji na hospitali kila mwezi Machi, na mafunzo ya upasuaji wa ubongo huchukua miaka saba. Isitoshe, tangu Januari 2022 hatua ya kwanza ya mtihani wao wa leseni haitoi tena alama bali kufaulu au kutofaulu, hivyo wanaotaka fani zenye ushindani wanatafuta njia nyingine ya kujitofautisha, na utafiti ni mojawapo.

Kwetu unasoma miaka mitano, unafanya utarajali mwaka mmoja, unasajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, ndipo unapoomba ubingwa. Mlango mmoja ni uzamili wa chuo kikuu. Mwingine ni Chuo cha Madaktari wa Upasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, yaani COSECSA, ambacho mafunzo yake hufanyika ukiwa kazini katika hospitali iliyoidhinishwa: miaka miwili ya hatua ya kwanza, iitwayo uanachama, kisha miaka mitatu au zaidi ya fani yenyewe. Ulizia njia zote mbili mapema, kwa sababu kinachowakwamisha wengi wenye alama nzuri ni ada, mshahara unaosimama wakati familia inautegemea, na ruhusa ya mwajiri. Upo ufadhili wa Serikali wa ubingwa na ubingwa bobezi unaoitwa kwa jina la Rais Samia. Soma masharti yake sasa, ili ukipata ajira ujue unachokubaliana nacho katika mkataba.

Kuhusu utafiti, moja uliofanywa vizuri unakutosha, na swali lake umeshalitaja mwenyewe: mgongo wazi. Mfereji wa neva wa mtoto, ambao usipofunga vizuri ndio huleta mgongo wazi, hufunga takribani wiki nne baada ya mimba kutungwa, wakati ambapo wanawake wengi hawajajua kuwa ni wajawazito, kwa hiyo vidonge vya asidi ya foliki, vya kuzuia kasoro hiyo, vinavyoanza siku ya kwanza ya kliniki huwa vimechelewa kwa jambo hili. Ukipata msimamizi na kibali cha maadili, waulize akina mama wa wodi ile walianza vidonge lini na nani aliwaeleza. Hiyo ni kazi ya mwanafunzi, na ina manufaa kuliko jina lako kuwa la tisa katika makala usiyoweza kuieleza.

Sista wa zamu

Mwanangu, mimi ni muuguzi, na nitasema ninachokiona. Madaktari bingwa hutuita pembeni na kutuuliza ni mwanafunzi gani anaaminika, nasi huwataja wanaorudi jioni kumwangalia mgonjwa waliyempokea asubuhi.

Jifunze kipimo cha Glasgow, cha kupima fahamu za mgonjwa, mpaka kikukae mikononi: macho 4, kauli 5, mwendo wa viungo 6, jumla 15. Usiandike jumla peke yake. Niliwahi kupokea zamu ya usiku nikiwa na kijana wa ajali ya bodaboda aliyeandikiwa 13 tu. Saa mbili baadaye mimi nilipata 11, na sikuweza kujua kama kilichoshuka ni kauli, pengine kwa usingizi, au ni mwendo, jambo ambalo ni zito zaidi. Nilimwita daktari bila kusubiri, lakini tulipoteza muda tukikisia alivyokuwa jioni. Tarakimu tatu zilizotenganishwa zingetueleza.

Nyuzi za kushonea zilizopitwa na muda tunazo; omba kipande, ukifunge kwenye mguu wa kitanda chako cha bweni, ufanye mafundo kwa mkono wa kushoto na wa kulia kila usiku.

Daktari wa upasuaji, mkoani

Ninaunga mkono aliyosema Sista. Nyongeza yangu inatokana na kosa langu. Katika utarajali nilishiriki upasuaji mwingi bila kuweka kumbukumbu, na nilipotakiwa kuonyesha nilichofanya nilitumia wiki nzima nikipekua vitabu vya chumba cha upasuaji, nikapata chini ya nusu. Anza daftari lako sasa, hata kama bado unashika tu kifaa cha kuvuta kingo za kidonda.

Wala usiipuuze idara nyingine kwa sababu umeshachagua. Mtoto mwenye mrija wa kutoa maji kichwani akipata homa, atakayemtambua mapema ni aliyesoma magonjwa ya watoto kwa bidii.

Mwanafunzi wa Upanga

Asanteni sana, nimeyapokea yote. Daktari, katika daftari hilo niandike nini hasa, na je, niandike jina la mgonjwa?

Daktari wa upasuaji, mkoani

Jina hapana. Andika tarehe, umri, ugonjwa, upasuaji uliofanyika, na nafasi yako: uliangalia, ulisaidia, au ulifanya chini ya usimamizi. Kisha msimamizi aweke saini siku hiyohiyo, kabla hamjavua gauni.