Mrejesho: tamponi imekubali, ila siku ya tatu niliharibu

Dada zangu, mimi ndiye niliyewauliza kwa nini tamponi, ile pamba ya hedhi ya kuingiza ukeni, inaniuma na kukwama nusu, nami Jumamosi nilikuwa naenda kuogelea Jinja, huku Uganda. Asanteni sana, nimeogelea!

Aliyeniokoa ni yule aliyesema nisiisukume kwenda juu, niielekeze nyuma, upande wa kiuno. Kumbe muda wote nilikuwa nagonga ukuta wa uke. Nikanawa mikono, nikaweka mguu mmoja juu ya ndoo, nikashusha pumzi polepole, ikateleza yenyewe. Nilinunua saizi ndogo kabisa kama mlivyosema, nikangoja siku damu inapotoka nyingi. Ikikaa mahali pake huisikii. Nilikuwa napapasa uzi kila mara kuhakikisha bado ipo. Ushauri wa kuchuchumaa ulinishinda, mapaja yalitetemeka tu.

Sasa kosa langu. Siku ya tatu damu imepungua, mimi nikaweka tena, nikaivuta baada ya saa 2 ikiwa kavu. Jamani, iliparuza! Siku nyepesi nimerudi kwenye pedi, na usiku pia, maana nikilala nitapitisha zile saa 8 mlizonionya nisizizidishe. Mchana nabadilisha kila baada ya saa 4 au 5. Nilipotoka majini uzi ulikuwa umelowa chapachapa, nikabadilisha hapohapo.

Ssenga wangu, yaani shangazi, bado anaguna kwamba hivyo ni vitu vya walioolewa. Nimemwacha na maneno yake.